Utabiri wa Jumatatu ya Pasaka

Sirari, 3 Machi 2025

Shemeji Matiko,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mvua imeanza, na matope ya kule wanakopanga malori yamefika mpaka mlangoni mwa mgahawa wangu. Nafagia, dereva mwingine anaingia na buti zake, nafagia tena. Mpe dereva Mboje chai ya maziwa akikufikishia hii, maana safari hii amenibebea vitunguu bila kununa.

Bahasha yako tuliifungua juzi usiku, baada ya pambano na si kabla, kama tulivyokubaliana. Uliandika kwamba yule Mbrazili mrefu atakabwa shingo raundi ya tatu. Raundi ya tatu, shemeji, akagonga sakafu kuomba aachiwe. Wateja wangu wote waliinuka kwenye mabenchi, na kijana mmoja wa Isebania akasema, "Huyu msee ni mganga." Nikamwambia si mganga, ni fundi magari wa kambi ya watalii kule Ikoma, na utabiri wake anauandika kwenye karatasi kwa sababu ujumbe wa simu mtu anaufuta akiona amekosea. Kanuni hiyo ni yako, mimi naitetea tu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Faustino, yule mnunuzi wa dhahabu wa Nyamongo niliyekuwa nawapikia wachimbaji wake kabla mdogo wako hajanioa, ameandaa mapigano ya MMA Tarime mjini, Jumatatu ya Pasaka. Ameagiza mpaka kizimba cha nyavu. Mume wangu Werema yumo, tena pambano la mwisho la usiku ni lake. Nilipolalamika alicheka, akasema afadhali kizimba hicho kuliko kile cha mahakamani.

Mimi sikucheka. Wewe hukuwepo alipopigwa Musoma mwaka jana. Wiki nzima alikuwa ananiita kwa jina la dada yenu, na chumvi aliweka kwenye chai. Nimemwambia liwe la mwisho. Amekubali, lakini kwa sharti lake: akishinda anaacha. Akishindwa atataka jingine la kurudishia, na baada ya hilo jingine. Kwa hiyo nataka ashinde, na sina haja nyingine yoyote mwaka huu.

Wewe hukosei. Niambie atashinda.

Shemeji yako,
Scola


Ikoma, 12 Machi 2025

Shemeji Scola,

Marahaba. Chai Mboje amekunywa, vikombe viwili, na bado ananidai cha tatu.

Waambie hao wateja wako siri yangu, maana haina gharama. Wao wanaangalia ngumi. Mimi naangalia mtu anavyokaa kwenye kigoda kati ya raundi. Anayetafuta macho ya kocha wake bado ana vita. Anayetazama watu nje ya nyavu ameshaondoka, kimebaki kiwiliwili. Yule Mbrazili, kwenye pambano lake la kabla ya hili, raundi ya kwanza tu alianza kutafuta taa za juu, ndipo nikajua. Hapa kambini vijana wa jikoni wananiita Nabii, nami siwakatazi.

Lakini kwa Werema usiniulize. Mganga hajigangi. Huyo nilimbeba mgongoni, nitamwangaliaje kama mtu wa kwenye runinga? Na hata ningetaka, umeniambia nusu ya habari. Anapigana na nani? Mtu hatabiri upande mmoja wa pambano.

Simu usinitafute. Kambi tumeihamishia bondeni kufuata nyumbu, mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na kichuguu hicho kina wenyewe, nyuki. Niandikie.

Nduguyo,
Matiko


Sirari, 20 Machi 2025

Shemeji,

Shikamoo. Kwenye matangazo yaliyobandikwa ukutani mpinzani wake ameandikwa "Chuma cha Isebania", na picha yake amepakwa rangi nyeusi usoni mpaka hata mama yake asingemtambua. Niliuliza kila siku ni nani. Jana Werema akanijibu, "Ni Wangwe," akasukuma sahani ya ugali, akatoka kwenda kuosha pikipiki huku mvua inanyesha. Nikamfuata na mwavuli, nikamuuliza Wangwe ndiye nani. Akasema, "Tulikuwa wote." Basi. Mtu anayenieleza mpaka ndoto zake, safari hii ameishia hapo.

Alikubali pambano kabla hajajua, na sasa hawezi kujitoa bila kuonekana mwoga.

Halafu kuna jambo jingine, usikasirike. Sifa zako zimefika kwa Faustino. Alikuja hapa na gari lake, akaagiza supu asiyoinywa, akasema anataka utabiri wa Mtabiri wa Ikoma utangazwe kabla ya pambano. Nikakataa. Kesho yake nikaona matangazo mapya: "Mtabiri wa Ikoma ametamka. Piga namba hii." Na namba ni yangu. Watu wanapiga mpaka usiku wa manane, Wakenya kwa Watanzania, wanataka kujua waweke pesa kwa nani. Nimewaambia sijui, wananitukana.

Nimeshakuambia ni Wangwe. Sasa tabiri, nami nitaweka bahasha kabatini mpaka siku yenyewe.

Scola


Ikoma, 29 Machi 2025

(Ya kufunguliwa Jumatatu ya Pasaka, baada ya pambano)

Shemeji Scola,

Ukisoma haya mambo yameisha, na Werema amelala chumbani uso umevimba kidogo. Usilie. Mchemshie uji na umwache alale.

Wangwe nimemtazama kwenye video walizohifadhi vijana wa jikoni. Anapumua vizuri, ila mguu wake wa kulia mzito, na akiangushwa chini anatafuta nyavu badala ya kutafuta mkono wa mwenzake. Kama nisingewajua hao wawili ningeandika hivi: Werema, raundi ya pili, kwa kumkaba.

Lakini nawajua. Hao ni saro moja. Yaani walitahiriwa msimu mmoja, asubuhi moja, wamesimama bega kwa bega. Wewe mtu wa Karagwe huwezi kujua jambo hilo kwetu lina uzito gani. Ndugu wa tumbo moja mnaweza kugombana mpaka kaburini, lakini wa saro yako ukimkuta njaa mnagawana, ukimkuta vitani unasimama mbele yake. Tena kati ya Werema na Wangwe kuna jambo la asubuhi ile ambalo nisingependa kuliandika.

Kwa hiyo Werema hawezi kumpiga Wangwe usoni. Atamkumbatia, atamsukuma kwenye nyavu, raundi zitaisha huku watu wanazomea. Mbele ya Wangwe, Werema anakuwa murisya. Wangwe naye hatamuumiza, maana ana moyo. Utabiri wangu: Wangwe, kwa pointi.

Najua ulitaka ashinde ili aache. Niachie mimi. Nikipata likizo nitakuja kuzungumza naye, mimi kaka yake atanisikia.

Matiko


Sirari, 9 Aprili 2025

Shemeji,

Shikamoo. Nimevunja kanuni. Bahasha niliifungua siku ile ile Mboje aliponipa, nikiwa nimesimama kabatini na mkono mmoja kwenye komeo. Nilikuwa naogopa, na mtu mwenye hofu hana kanuni. Nikasoma kwamba atashindwa, nikakaa chini.

Bado nimekaa, Faustino akaingia. Akasema leo haondoki bila neno la Mtabiri. Nifanye nini? Nikimwambia utabiri wenyewe, kesho unatangazwa na Werema anausikia kutoka kwa kaka yake. Nikaona nimpe kitu kidogo kisicho na madhara, aondoke. Nikamwambia, "Mtabiri anasema mbele ya Wangwe, Werema anakuwa murisya."

Neno hilo nililielewa, au nilidhani. Kwetu Karagwe omuliisa ni mchungaji wa ng'ombe, na ni neno la heshima. Nikaona ulivyosema ni sawa kabisa: mchungaji hampigi mnyama wake usoni, anamsukuma tu taratibu. Faustino alicheka mpaka akafuta macho. Akaniomba nirudie. Akauliza umeandika wewe mwenyewe, kwa mkono wako, nikasema ndiyo, barua hii hapa.

Siku iliyofuata gari la matangazo likapita, spika mbili juu. Lakini halikusema Mtabiri. Lilisema, "Wangwe atamka! Wangwe asema Werema ni murisya! Njoo uone Jumatatu ya Pasaka!" Limepita Sirari, limepita Tarime, limekwenda mpaka Nyamongo na kurudi. Nikafikiri wamekosea kusoma. Nilimpigia Faustino, akasema, "Mama, biashara ina chumvi yake."

Werema alilisikia akiwa anakimbia mazoezi barabarani. Alirudi akasimama nje, mvua inamnyeshea, hakuingia. Nilimwita mara nyingi. Alipoingia alichukua begi lake akahamia kambini kwa kocha, Tarime mjini, na huko simu zao zote anazifungia kocha. Nilikwenda kumwona Jumapili. Anapiga gunia mpaka vitambaa vya mikono vimekuwa vyekundu. Kocha anasema hajawahi kumwona hivi, anafurahi. Nilipomsalimia Werema alinitazama nikaona kama hanijui.

Nami nifurahi? Utabiri wako safari hii utakosea. Werema atampiga, atashinda, ataacha. Ndivyo nilivyotaka. Lakini neno hilo lina nini, shemeji? Nimemtajia mama Ghati, jirani yangu anayeuza dagaa, akafunika beseni lake akaondoka.

Laini yangu nimeizima, wacheza kamari wamenishinda. Nijibu haraka.

Scola


Ikoma, 17 Aprili 2025

Scola,

Barua yako imenikuta leo asubuhi. Mboje alikwama siku nyingi ng'ambo ya mto. Naandika nikiwa nimesimama, injini yake inaunguruma.

Nimepanda kichuguu. Simu yako haipatikani. Ya Werema haipatikani. Ya kocha sina. Nimeumwa na nyuki mpaka jicho limeziba na sijapata mtu.

Sikiliza. Murisya kwetu ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Kweli asili yake ni kuchunga, maana kazi ya mvulana ni kuchunga. Lakini mwanaume mzima, mwenye mke, ukimwita hivyo umemvua nguo mbele ya ukoo wake. Watu wameuana kwa neno hilo. Niliandika kwa utani wa kaka, tena kwa mtu asiye Mkurya, kwenye bahasha ya kufunguliwa baadaye. Sikufikiri kwamba neno lina miguu.

Na sasa lile ambalo sikutaka kuliandika. Asubuhi ile ya kutahiriwa Werema alitaka kutikisika mbele ya kisu. Nilikuwa nyuma yake, nikaona magoti yanaanza. Kama angetikisika, kwetu hilo halifutiki, angelibeba mpaka uzeeni na watoto wake wangeimbiwa. Wangwe alikuwa pembeni yake, ameshamaliza. Akapaza sauti akaanza kuimba, kwa nguvu, hata kabla ya wakati wake, watu wote wakageuka kumtazama yeye. Werema akapata nafasi ya kujikaza. Tunaojua ni watatu: Wangwe, Werema na mimi. Nilimtania Werema kwa neno hilo faraghani miaka yote, na alikubali kwa sababu ni mimi.

Unaelewa sasa? Werema anaposikia kwamba Wangwe amemwita murisya kwenye spika, anasikia siri yake inatangazwa na mtu aliyemwokoa. Huyo hatampiga ili ashinde.

Nenda Tarime leo hii. Ingia kambini hata kwa kulia mlangoni. Mwambie neno ni langu. Mwonyeshe barua yangu, mwandiko anaujua. Mwambie Matiko ndiye aliyesema, Faustino amelihamisha. Anichukie mimi, nitastahimili.

Mimi nimeomba ruhusa wamenikatalia, wageni wamejaa wakati huu wa Pasaka na gari mbili ni mbovu. Nikimaliza moja nitatoroka. Mto umejaa lakini Mboje anasema atajaribu.

Matiko


Sirari, 25 Aprili 2025

Shemeji Matiko,

Barua yako imefika jana, Alhamisi. Mboje aliileta imelowa, akasema daraja lilikuwa chini ya maji, magari yalipanga foleni pande zote mbili mpaka Jumatano. Najua kwamba wewe pia ulikuwa kwenye foleni hiyo, kwamba ulishuka ukataka kuvuka kwa miguu wakakushika. Amenieleza yote. Najua pia kwamba ulirudi.

Werema alishinda. Wangwe amefariki juzi hospitalini.

Nilikaa karibu na nyavu. Mwanzoni Wangwe hakuinua mikono. Alikuwa anazunguka, viganja wazi, anaongea. Werema alimpiga mara mbili tumboni, si kwa nguvu, na Wangwe anaongea tu, kwa Kikurya, haraka haraka. Watu wanapiga kelele wapigane. Nikamwona Werema anapunguza. Nakuapia, mikono yake ilishuka. Alimwinamia Wangwe kama anayetaka kusikia vizuri, paji la uso kwa paji la uso, nami nikasema moyoni, Mungu wangu, wanapatana.

Halafu Wangwe akataja jina lako. Kikurya sijui, lakini "mura", yaani kijana mwenzangu, najua, na jina lako najua. Alisema "mura" na akasema "Matiko". Akarudia, Matiko, Matiko, anaelekeza kidole mlangoni kama wewe uko nje. Na hapo Werema akabadilika. Sijawahi kuona uso ule, wala sitaki kuuona tena nyumbani kwangu, na ndio huo ninaoishi nao. Refa alichelewa. Wote tulichelewa.

Polisi walichukua maelezo wakamwachia, wakasema ni mchezo na pande zote zilisaini. Nyumbani hasemi. Anakula nikimwekea, nisipoweka hadai. Ameacha kupigana, kama nilivyoomba.

Jana nilimfuata Faustino. Hakutaka kuniona, lakini kijana wake mmoja aliniambia kwamba Jumapili ya Pasaka Wangwe alikuja pale kwa hasira, akauliza ni nani amemwekea neno lile mdomoni. Faustino akamjibu, "Muulize Matiko wa Ikoma, ndiye aliyeliandika." Wangwe akaenda kambini kumtafuta Werema, kocha akamfukuza, akidhani amekuja kufanya fujo.

Kwa hiyo nadhani najua alichokuwa anasema mle ndani. Ila wewe unijibu, maana lugha ni yenu. Alisema nini? Na kwa nini jina lako ndilo lililomwasha?

Barua zako zote mbili zenye neno lile ninazo. Nimpe Werema?

Scola


Ikoma, 2 Mei 2025

Shemeji,

Mtu akiwa kwenye kizimba husema mengi. Wengine huomba, wengine humchokoza mwenzake. Hakuna anayeweza kujua Wangwe alikuwa anasema nini isipokuwa Werema, na kama Werema hasemi, usimchokonoe.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Maji yakimwagika hayazoleki. Wangwe hatarudi nikisema, hatarudi nikinyamaza. Lakini mama yetu bado yuko hai Mbalibali, ana wana wa kiume wawili tu, na akisikia kwamba mmoja ndiye aliyeutia mkono wa mwingine damu atakufa kwa uchungu. Na Werema je? Sasa hivi anaamini kwamba alitukanwa akajibu. Huo ni mzigo, lakini unabebeka. Ukimwambia kwamba yule mtu alikuwa hana hatia, utamwacha na nini?

Zile barua zichome. Zote mbili, hata hii. Najua niliandika nini tarehe kumi na saba, kwamba anichukie mimi. Wakati ule Wangwe alikuwa hai na chuki ingekuwa na faida.

Utabiri nimeacha. Vijana wakiniita Nabii nawaambia wanyamaze.

Matiko


Sirari, 5 Mei 2025

Kaka Matiko,

Shikamoo. Sijawahi kukuandikia barua, hizi ni kazi zenu na Scola. Nimemwona anachoma karatasi jikoni na analia. Nilipomuuliza akasema ni moshi. Nimemwacha. Tangu siku ile hakuna aliye sawa humu ndani.

Nimeshindwa kumwambia mtu, nakwambia wewe. Nilipoingia mle ndani nilikuwa nimeamua kumuumiza. Ulijua siri ile, kwa hiyo unajua kwa nini. Nilidhani asubuhi ile tumeizika watatu. Lakini nilipomsogelea, kaka, hasira ilianza kupungua. Alikuwa ni Wangwe tu. Alikuwa ananiambia, "Mura, si mimi. Sikusema mimi. Nakuapia kwa kisu chetu, si mimi." Nami nikaanza kumwamini. Nilishusha mikono. Nilitaka refa aje atutenganishe, nitoke nje nikae naye tuongee.

Ndipo akasema ni wewe. "Ni Matiko," akasema, "muulize Matiko, ameandika kwa mkono wake." Kaka, hapo ndipo nilipopoteza kila kitu. Nilimwona mtu anayeona aibu kukiri, akaamua kumsingizia kaka yangu, aliyenibeba mgongoni. Kunitukana mimi nilikuwa nimeanza kusamehe. Nilichompigia ni jina lako.

Sasa watu wake wameomba wazee waitishe kikao cha ritongo, Jumamosi tarehe kumi, kwetu. Watakuja na baba yake. Hawaji kwa ugomvi, wanataka kusikia. Mzee ataniuliza mbele ya wote: mwanangu alikuwa ameshusha mikono, nawe ulishusha yako, kwa nini uliinua tena? Nitajibu kweli. Nitasema alimsingizia kaka yangu. Wapo wanaonong'ona kwamba labda hakusingizia, na Chacha wa kwa mjomba amenishauri nilete ushahidi.

Sitaki uache kazi. Niandikie mstari mmoja tu, kwamba Wangwe alidanganya, utie sahihi. Mwandiko wako wanaujua wote. Nitausoma mbele ya baba yake, halafu nitalala, maana sijalala. Mpe Mboje, anarudi Ijumaa.

Mdogo wako,
Werema


Ikoma, 8 Mei 2025

Werema,

Mstari wako nimejaribu kuuandika. Nimechana karatasi nyingi mpaka Mboje ameniuliza kama nimesahau kuandika.

Wangwe hakudanganya. Neno lile niliandika mimi, kwenye barua kwa mkeo, nikimtabiria Wangwe ushindi. Scola hakulielewa, Faustino alilielewa vizuri mno. Wangwe hakulisema kamwe, si asubuhi ile tukiwa vijana, si miaka yote hii, wala Pasaka. Alikuja kambini kukuambia wakamfukuza, akakufuata kizimbani kukuambia.

Usisimame mbele ya baba yake bila mimi. Usimjibu chochote mpaka nifike. Nitasimama mimi, nitayasema haya yote kwa mdomo wangu, mama akisikia asikie.

Barua hii sikumpa Mboje. Nimepanda naye gari, ninayo mfukoni, na tunafika Sirari kesho jioni. Nimeiandika kwa sababu najijua. Nikikuona uso nitatafuta maneno mengine, kwa hiyo nitakupa hii kwanza, uisome nikiwa nimesimama hapo, kisha ufanye unavyoona.

Matiko